Tunayemwita Mbele Siku ya Tuzo

Hotuba iliyotolewa Bagamoyo na mdhibiti ubora wa shule mstaafu, mbele ya wakuu wa shule za Kikatoliki, walimu wa malezi, matroni, patroni, madereva na walinzi.

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu Waislamu mliomo humu ndani, maana hapa pwani madereva wetu, walinzi wetu, wapishi wetu na wazazi wetu wengi ni ninyi, asalaam alaikum.

Mapadri, Masista, Mabruda, wakuu wa shule, walimu wenzangu, mama zangu matroni, na ninyi mliokaa nyuma kabisa kana kwamba mmekuja kupanga viti tu: wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uongozi, kisha zifuate tuzo. Nikaomba orodha ya tuzo mapema. Ndiyo tabia yetu wadhibiti ubora hata tukistaafu, tunaomba makaratasi kabla ya chai. Orodha ninayo hapa. Kuna shule iliyoongoza kidato cha nne, iliyoongoza kidato cha sita, mwalimu bora wa hisabati, mwalimu bora wa fizikia, shule iliyopanda zaidi, usafi wa mazingira, kwaya. Sina ugomvi na hata moja. Kwaya hasa, waliokuwepo kwenye Misa ya asubuhi wanajua ninachosema.

Lakini nimeisoma juu hadi chini sikuona matroni. Sikuona mlinzi. Sikuona dereva aliyekataa kuondoa basi kwa sababu breki hazikumridhisha. Sikuona mwalimu aliyemkuta binti wa kidato cha pili analia nyuma ya maabara, akaacha madaftari yake, akakaa naye mpaka akasema. Wala sikumwona mkuu wa shule aliyepeleka jambo la aibu polisi wakati kila mtu anamwambia, Padri, hili tulimalize nyumbani.

Nililokuja kulisema ni hilo, na nitalizunguka hadi mchoke. Watu hufanya yale wanayopigiwa makofi. Tukipigia makofi matokeo na jina la shule, watu watalinda matokeo na jina la shule, na mtoto atalindwa siku zile tu ambazo kumlinda hakugharimu kimojawapo.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengi wetu tulinuna. Shule za Kanisa zilikuwa hazikosekani kwenye orodha ile, na orodha ile ilikuwa inatuuzia fomu za kujiunga. Basi tukafanyaje? Tukachapisha mabango wenyewe. Ukitoka Dar es Salaam kuja huku, tangu Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege hadi unaingia Bagamoyo, unasoma divisheni wani za watu njia nzima.

Nyuma ya baadhi ya mabango hayo kuna mtoto ambaye hayumo kwenye picha. Wastani wake ulishuka akiwa kidato cha tatu. Mzazi akaitwa ofisini, akakaribishwa chai na maandazi, akaambiwa kwa upole kwamba mtoto huyu atafanya vizuri zaidi katika mazingira mengine. Mazingira mengine! Mazingira mengine ni shule ya kutwa iliyo mbali na kwao na chumba cha kupanga mtaani, geto, binti wa miaka 16 anajipikia kwa jiko la mkaa, na kila kijana wa bodaboda wa mtaa ule anajua anarudi saa ngapi. Bango linasema asilimia mia. Ni asilimia mia ya waliobaki. Sisi tunaosoma Injili ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja, sijui ni nani aliyetufundisha kuifanya hesabu ile kinyume.

Nasema hivyo kwa sababu ninapotaja usalama wa mwanafunzi, wengi mnawaza uzio na geti. Mtoto tuliyemtoa getini kwa barua yenye muhuri wa shule ya Kikatoliki bado anahesabiwa kwetu. Pengine si mbele ya wizara. Mbele ya nani, mapadri mko hapa, mtatuambia.

Na mahali tulipokaa panatudai. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni hapa Bagamoyo. Watoto wa kwanza wa misheni ile hawakuletwa na wazazi wakiwa na tranka na ndoo. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Kabla mtu hajawauliza herufi, walihitaji mahali pa kulala ambapo hakuna atakayekuja usiku kuwachukua. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Nidhamu ya misheni ilikuwa kali, kazi za shamba zilikuwa nyingi, na wanahistoria wameandika waziwazi kwamba watoto wale hawakuwa huru kwenda watakako. Hata hivyo mpangilio ulikuwa huo: mwili uwe salama kwanza, kitabu kifuate. Tukisema sisi ni warithi wa misheni ile, tusirithi mbuyu na majengo peke yake.

Sasa nizungumzie moto, na hapa nitakaa, kwa sababu nimekagua mabweni sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na hakuna kinachoninyima usingizi kama moto.

Juni 1994, Shauritanga, Rombo: wasichana zaidi ya 40 walikufa bwenini usiku mmoja. Agosti 2009, Idodi, Iringa: wasichana 12. Septemba 2020, Kyerwa, Kagera: watoto 10 wa shule ya msingi. Septemba 2024 kwa jirani zetu Kenya, Endarasha, Nyeri: wavulana 21. Kila mara tunalia, tunafanya harambee, waziri anakwenda, tume inaundwa. Halafu msimu wa mitihani unafika.

Na msidhani haya ni ya nchi maskini. Tarehe 1 Desemba 1958, shule ya parokia ya Our Lady of the Angels kule Chicago iliungua mchana kweupe, wakati wa vipindi. Wanafunzi 92 na masista watatu waliokuwa wakiwafundisha walikufa. Shule ile ilikuwa imepita ukaguzi wa moto wiki chache tu kabla. Nawaomba wakaguzi wenzangu walisikie hilo. Jengo lilikuwa la zamani, kwa hiyo sheria mpya hazikulibana. Kengele yake ililia ndani ya shule lakini haikuunganishwa na zimamoto. Ngazi za ndani hazikuwa na milango ya kuzuia moshi ghorofa ya juu, na moshi ukapanda kama uliofunguliwa njia. Makaratasi yote yalikuwa sawa. Baada ya msiba ule Wamarekani walibadilisha kanuni za majengo ya shule nchi nzima, na mazoezi ya kutoka darasani yakawa jambo la kawaida kama gwaride. Cheti kilichotundikwa ofisini hakikuzima moto Chicago, na hakitazima huku.

Turudi kwetu. Nondo za madirishani tuliziweka kwa nia njema. Mwizi asiingie, na kwa shule za wasichana, wavulana wasiingie. Mlango tunaufunga kufuli kwa nje saa nne usiku kwa sababu hiyohiyo. Halafu ufunguo uko wapi? Nimewahi kukagua shule, siitaji, ambapo ufunguo wa bweni ulikuwa kwa Sista mlezi, Sista yuko nyumba ya watawa ng'ambo ya bustani, na kuanzia saa tano bustani ilikuwa ya mbwa. Nikawauliza: moto ukiwaka saa nane, mbwa wanafungwa na nani? Wakacheka. Nami nilicheka, halafu nikaandika kwenye ripoti.

Ndani ya bweni mnajua kulivyo. Vitanda vya deka vimesogezwa mpaka mtu anapita ubavu ubavu. Tranka ziko mlangoni. Magodoro ni ya sponji, na sponji ikiwaka moshi wake unaua kabla moto haujafika. Soketi moja imebeba waya wa nyongeza wenye matundu sita. Tumepiga marufuku simu, hita za kuchemshia maji na pasi, na mimi siwapingi. Ila mjue matokeo ya marufuku: simu haikuondoka, imehamia chini ya godoro, na inachajiwa humohumo kwenye sponji. Marufuku bila mahali halali pa kuchaji, pa kupigia pasi na pa kupata maji ya moto inakuongezea hatari huku ikikupa amani ya moyo. Wekeni chumba cha pasi chenye mtu. Wekeni mtungi wa maji ya moto jikoni kwa ajili ya wagonjwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya bango moja la barabarani.

Dirisha moja kwa kila upande lifunguke kwa ndani, nondo zake ziwe na bawaba na komeo ambalo hata mtoto wa kidato cha kwanza analiweza gizani. Mlango wa pili uwe mlango kweli, si stoo ya madawati mabovu. Kufuli ya nje iondoke kabisa. Kama mnaogopa watoto watatoroka, ajirini mlinzi wa pili. Na mfanye zoezi usiku. Ukaguzi wetu sisi wa wizara ni wa mchana, bweni likiwa tupu na limepigwa deki. Bweni la saa nane usiku analijua matroni peke yake. Yule matroni anayewaamsha watoto usingizini kwa zoezi, wakatoka wamejifunga shuka, akawahesabu uwanjani, kesho yake akachukiwa na bweni zima na mwalimu wa taaluma akalalamika kwamba watoto wamesinzia kwenye kipindi cha kemia, huyo kwenye orodha yangu anatangulia kabla ya fizikia.

Barabara na bahari nitazipita haraka. Ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017 mnaikumbuka: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao. Sina la kuongeza zaidi ya kuwauliza wakuu wa shule: dereva wako akikuambia leo gari haliendi, anapata shukrani au anapata barua ya onyo? Jibu lake analijua yeye, na ndilo linaloamua kama kesho atakuambia tena. Bahari ni ya kwetu. Matembezi ya Jumapili ufukweni yawe na mwalimu anayejua kuogelea, wahesabiwe wakienda na wakirudi, basi.

Nifike penye ugumu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi nchini walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana ni kama mmoja kati ya saba. Kanisa halina watoto wa nchi nyingine. Hao hao ndio tunaowapokea Januari na rozari zao mpya. Wengine wanakuja na kidonda tayari. Na wengine, tusidanganyane ndani ya ukumbi huu, wanakipatia kwetu.

Mtoto wa Kikatoliki amefundishwa tangu komunyo ya kwanza kwamba Padri ni baba na Sista ni mama. Ni jambo zuri, limewatunza wengi. Lakini siku baba huyo, au bruda, au mwalimu wa muziki, au mpishi ambaye ni mpwa wa mkubwa fulani, atakapomgusa vibaya, mtoto atamwambia nani? Mkuu wa shule ni Padri. Mlezi ni Sista wa shirika lilelile. Meneja wa shule ni Padri mwingine. Bodi inaongozwa na Monsinyori. Mzazi wake nyumbani ni mwenyekiti wa jumuiya. Tumeandika ukutani asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mtoto je? Hapo guu linalovunjika si lake.

Kwa hiyo lazima kuwe na mlango wa pili hapa pia. Mtoto ajue mtu mmoja asiye wa kanzu, asiye mwalimu wake wa darasa, anayeweza kumwendea. Ajue namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Iandikwe ndani ya milango ya vyoo, kwa sababu chooni ndipo mtoto anaposoma bila kutazamwa na mtu. Na iwepo simu ya kupigia! Shule inabandika 116 kila kona, na simu pekee ya wanafunzi iko mezani kwa mkuu.

Sheria haijatuacha gizani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa upande wa Kanisa, marehemu Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi Mei 2019, akaifanya ya kudumu mwaka 2023. Inamlazimu padri na mtawa kutoa taarifa anapojua au anaposhuku unyanyasaji. Inakataza mtu aliyetoa taarifa asilipiziwe kisasi, wala asiamriwe kunyamaza. Na inasema wazi kwamba haiondoi wajibu wa kisheria kwa dola. Kwenda kwa Baba Askofu hakufuti safari ya polisi, na kwenda polisi hakufuti wajibu kwa Baba Askofu. Ni safari mbili, na nauli ya zote iwe kwenye bajeti ya shule.

Najua kuna atakayeniambia habari ya siri. Siri ya kitubio ni takatifu, hakuna anayeigusa. Lakini ofisi ya mkuu wa shule si kiti cha kitubio hata kama aliyekaa pale ni Padri. Mtoto akija ofisini kusema ameumizwa, hajaja kuungama. Aliyetenda dhambi ni mwingine.

Maaskofu wa Marekani walikutana Dallas Juni 2002, baada ya gazeti la Boston Globe kufichua jinsi mapadri wanyanyasaji walivyokuwa wakihamishwa parokia hadi parokia. Wakapitisha mkataba wa kulinda watoto: watumishi wote wanaokaa na watoto wapewe mafunzo, historia zao zichunguzwe, kila jimbo likaguliwe. Ulikuja kwa kuchelewa mno, baada ya miongo ya kulinda jina. Na jina lenyewe halikulindika. Sisi tunayo nafasi ya kutangulia badala ya kuburutwa na magazeti.

Maana tabia ile ya kuhamisha tunayo, na si kwa mapadri tu. Mwalimu ana tuhuma, tunamwita, tunamshauri aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yake, tunampa cheti cha utumishi mwema na baraka. Muhula unaofuata yuko shule nyingine ya Kanisa, wilaya ya pili. Mkuu wa huko hakupiga simu kuuliza. Angepiga, tungemjibu nini? Namwachia kila mmoja wenu ajijibu kimya kimya, maana naona sura zinabadilika.

Kuna la makabidhiano pia, ambalo halizungumzwi kabisa. Shule zetu viongozi hubadilika kwa barua moja ya Askofu au ya Mama Mkuu wa shirika. Mkuu anayeondoka anamkabidhi mwenzake nini? Funguo, kadi ya gari, vitabu vya hundi, orodha ya madawati, mihuri, deni la mahindi. Nimesoma hati nyingi za makabidhiano. Sikuwahi kuona ukurasa unaosema: mtoto huyu wa kidato cha pili yuko katika uangalizi kwa sababu hii, ana miadi na ustawi wa jamii, mfanyakazi huyu aliwahi kuonywa kwa jambo hili, hatakiwi zamu ya usiku. Tunakabidhi viti kwa umakini kuliko watoto. Ukurasa huo uwepo, ufungwe kwa lakiri, asomewe mkuu mpya kabla hajaonyeshwa gari.

Viboko? Nitasema kidogo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kosa liwe kubwa, visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kitabuni. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa kwenye shule yenye msalaba juu ya paa, na huo ni msimamo wangu, si wa aliyenialika. Lakini hata wanaoitetea, nionyesheni kitabu chenu. Agosti 2018, Bukoba, mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya mkoba uliopotea. Kitabu kingemtaka mwalimu yule asubiri dakika tano amtafute mkuu. Mtakatifu Yohane Bosko aliandika mwaka 1877 kuhusu mfumo wake wa kuzuia: mlezi awe katikati ya vijana, wamwone, awaone, makosa yazuiwe kabla ya adhabu kuhitajika. Mkuu wa shule anayeonekana jikoni, chooni na uwanjani saa kumi na moja jioni amefanya kazi ya fimbo nyingi.

Sasa nirudi kwenye tuzo, maana naona kamati inatazama saa.

Nilipouliza mbona hakuna tuzo ya usalama, nilijibiwa kwamba mwakani wanafikiria ngao ya shule isiyo na tukio hata moja. Nia njema. Lakini nawasihi msifanye hivyo! Shule yenye mamia ya watoto, mabweni, jiko, mabasi na walimu vijana, ikamaliza mwaka kitabu cha matukio kikiwa kitupu? Nilipokuwa kazini, kitabu kitupu ndicho kilichonifanya nivae miwani. Mkitoa ngao kwa ukurasa mweupe mtavuna kurasa nyeupe. Matroni atashauriwa asiandike. Mtoto aliyevunjika mkono atakuwa ameanguka nyumbani. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha shule kinapigwa na wazazi mia tano kwa pamoja.

Tuzeni shule ambayo kitabu chake kimeandikwa na kila tukio lina jibu: liliripotiwa lini, kwa nani, likafanywa nini. Hiyo ndiyo shule ambayo mtu anasema na anasikilizwa.

Ila tuwe waangalifu. Simaanishi tumsimamishe mwalimu jukwaani tutangaze kwamba ndiye aliyeripoti jambo la fulani. Mji huu si mkubwa; kabla ya chakula cha mchana mtoto atakuwa amejulikana, na tutakuwa tumemuumiza mara ya pili. Kuna namna ya kumheshimu mtu bila kipaza sauti. Mkataba, kwa mfano. Mama anayelala na mabinti themanini kila usiku, mara nyingi hana mkataba wa maandishi, hachangiwi NSSF, hana likizo, na mshahara wake mhasibu anaulipa akikumbuka. Mnamwita mlezi kwenye sala na kibarua kwenye vitabu vya hesabu. Mpeni mkataba. Mpeni tochi inayowaka, simu yenye vocha, na mwenzake wa kupokezana zamu, kwa sababu mtu aliyekesha siku sita hawezi kusikia kitu usiku wa saba. Mpeni mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kuzungumza na mtoto aliyeumizwa. Mpeni kiti kwenye kikao cha walimu, na akisema iandikwe kwenye muhtasari. Akiisha kupata hayo, ndipo mtafute na ngao.

Na mlinzi aliyemzuia getini mtu aliyekuja na gari zuri akidai ni mjomba wa mtoto, akamwambia subiri nimpigie mzazi, halafu ikaonekana mjomba ni mjomba kweli na amekasirika na anamjua meneja wa shule: msimwite mlinzi yule kumkaripia. Mwiteni mbele ya wenzake mumshukuru, mjomba akiwepo. Atakayefuata pengine hatakuwa mjomba.

Wakuu wa shule, hili ni lenu peke yenu. Wakubwa wenu nao wanawapima. Katibu wa elimu wa jimbo akikupigia Januari, swali la kwanza ni divisheni wani ngapi. Sheria za Kanisa zinampa Askofu haki ya kuzitembelea na kuzisimamia shule zote za Kikatoliki jimboni, hata zile za mashirika. Ni kanuni ya 806. Basi mwombeni, kwa heshima, akija kutembelea asiishie kwenye ukumbi na kwaya. Mpelekeni bwenini. Mpeni kitabu cha matukio akisome ameketi. Swali lake la kwanza likibadilika, la katibu litabadilika, na lenu litabadilika, na la mwalimu wa taaluma litafuata likilalamika, lakini litafuata.

Tuzo za leo zitolewe kama zilivyopangwa, waliozipata wamezifanyia kazi. Ombi langu kwa kamati ni kwamba kabla hamjaondoka, kila shule iandike kwenye karatasi jina la mfanyakazi mmoja asiye mwalimu, na jambo moja alilofanya mwaka huu la kumlinda mtoto. Bila kumtaja mtoto. Karatasi ziko kwa Sista mwenye miwani pale pembeni. Shule itakayoshindwa kupata jina, mkuu wake aje tuzungumze, sitamng'ata.

Mwisho, Afande wa Zimamoto na Uokoaji yuko nje na mitungi yake, ameomba tufanye zoezi la kutoka ukumbini kabla ya chakula, naye atatupimia muda. Nimeangalia: ukumbi una milango miwili, na mmoja umezibwa na makreti ya soda. Vijana wawili waje wayaondoe kwanza. Mikoba iacheni kwenye viti, hakuna atakayeichukua. Nambari ya dharura ya zimamoto ni 114, iandikeni sasa hivi wakati makreti yanatolewa.